Breki Niliyomwachia Mhadhiri

Leo nimeaibika, tena mbele ya soko zima la Konyo Konyo.

Mnajua asubuhi niko gereji pale Buluk, mchana niko chuo. Tajiri wangu ni Kato, Mganda, na kazi yetu kubwa siku hizi ni kuhamisha usukani. Magari yanatoka Uganda usukani ukiwa kulia. Hapa Juba tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo wenye magari wanataka usukani uende kushoto.

Mitihani yangu inaanza Jumatatu. Jana nilimwomba Kato ruhusa ya wiki mbili. Akanionyesha gari jeupe. "Hii ikitoka kesho na mwenyewe anacheka, wewe enda."

Leo saa nne mwenyewe akaja. Dokta Lado, mhadhiri wangu! Yule yule niliyemtumia ujumbe jana kwamba malaria imenilaza, siwezi kufika darasani. (Nilikuwa nimelala kweli. Chini ya gari lake.)

"Umepona?"

"Namshukuru Mungu, Dokta."

Tukatoka kulijaribu. Kato kwenye usukani, Dokta kando yake, mimi nyuma nikieleza kazi yangu kama mhandisi mkuu. Karibu na soko, boda boda ikakatiza mbele yetu. Kato akaikwepa tu, wala hakugusa breki. Gari likasimama kwi! Pua yangu ikagonga kiti.

"Breki gani hii?" Kato akashangaa, akaondoa gari tena.

Mbuzi. Kwi! Mkokoteni. Kwi! Nyuma yetu honi zikaanza. Mama mmoja muuza nyanya akasimama ili aone vizuri.

Kato akashuka, akafunua boneti katikati ya barabara. Hapo ndipo nilipochungulia miguuni pa Dokta. Pedali ya zamani! Ukihamisha usukani, pedali za kulia lazima zikatwe. Ya mafuta nilikata. Ya breki nilisema nitamalizia baadaye (nikakimbilia chai). Dokta kila akiogopa, anakanyaga!

Ningeweza kunyamaza. Lakini kesho angeketi hapo mtoto wake.

"Dokta, samahani, naomba utoe mguu."

Akatazama chini. Akakanyaga, akaachia, kama anayesahihisha jibu.

"Kwa hiyo aliyekuwa anaendesha ni mimi?"

"Nusu, Dokta."

Vioo vilikuwa wazi. Mama wa nyanya akaanza kicheko, kikafika mpaka kwa wauza samaki.

"Kalas! Imetosha!" Kato akafoka. "Si ulitaka kuenda? Enda! Chukua hata mwaka!"

"Tajiri," nikasema kwa sauti ndogo, "mwenyewe anacheka."

Kweli Dokta alikuwa anafuta machozi. "Lakini hiyo malaria yako," akaniambia, "ndiyo iliyosahau kukata pedali?"

Pedali nimeikata mchana huu, Kato amenisimamia kichwani. Ruhusa nimepata. Ila karatasi ya Jumatatu ni ya Dokta, na ameahidi kuniletea kwinini darasani. Tafadhali msinicheke. Konyo Konyo wameshacheka kwa niaba yenu.