Malalamiko Dhidi ya Kitufe Kinachong'arisha Picha

Tsaramandroso, Mahajanga
14 Machi 2013

Kwa Daktari Chaher, Msimamizi wa Zahanati

Bwana Daktari,

Amani iwe juu yako na juu ya wote walio nyumbani kwako. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoachiwa na marehemu baba aliyekulia Unguja, na ambayo wewe uliizoea ulipokuwa ukisoma Dar es Salaam. Kifaransa changu huwachekesha wauguzi, na jambo hili si la kuchekesha.

Mimi ni Soudjay, mpiga picha wako wa altrasaundi. Nalalamikia mashine mpya uliyotuletea miezi miwili iliyopita, hasa kile kitufe cha kijani. Ukikibonyeza, mashine hujirekebisha yenyewe: huongeza nuru panapostahili, hufuta chenga, hujua kina cha tumbo, na kabla hujapumua picha imetakata. Kitufe hicho kimenidhulumu kama ifuatavyo:

1. Kimenipokonya ufundi. Mimi ni mtu wa kuzungusha. Tangu 1979 nilikuwa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari, nikilinda geji za mvuke. Kilipofungwa nikaja huku, nikajifunza mashine ya zamani kwa miezi sita. Ile ilikuwa na vitufe vya kuzungusha kumi na viwili. Nilivizungusha vyote huku nimekunja uso, na familia nzima ya mgonjwa ikanyamaza kimya. Nakiri kwamba vinne sikuwahi kujua kazi yake. Lakini hakuna aliyejua kwamba sijui, na hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yangu.

2. Picha sasa zinasomeka na kila mtu. Zamani skrini ilifanana na sufuria ya uji, na msomaji wa uji nilikuwa mimi peke yangu. Juzi Bibi Ansoifa, muuza sambusa wa mtaa huu, aliinua kichwa pale kitandani akaniuliza, "Soudjay, lile si jiwe?" Lilikuwa jiwe, ndani ya mfuko wa nyongo. Mimi nilikuwa bado natafuta ini.

3. Kimenifedhehesha mbele ya Mariamou wa Antsanitia. Mimba yake ilipokuwa ya miezi mitano nilimpiga picha kwa mashine ya zamani, dakika arobaini nzima, nikamwambia mumewe Daoud, mpishi wa hoteli ya wageni: mtoto ni mmoja, mkubwa, mtulivu. Daoud akatengeneza kitanda kimoja. Mimba ilipofika miezi minane Mariamou alirudi akiwa amevimba miguu. Sista Rabiata, muuguzi wa zamu, akabonyeza kitufe kabla sijavaa miwani.

Vichwa viwili. Mmoja ametangulia chini, wa pili amelala kikingamo juu yake, na kondo la nyuma limeziba njia.

Mariamou alitazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Fundi, huyu wa pili ametoka wapi?"

Wallahi, Daktari, nilifungua mdomo nimwambie kwamba amekuja na mashine mpya. Badala yake nikavaa miwani, nikavihesabu vichwa. Nikasema, "Alikuwepo, mwanangu. Mimi ndiye sikumwona."

Gari la wagonjwa lilimchukua adhuhuri ileile. Alipasuliwa, na mabinti wawili wako hai, na mama yao yu hai. Daktari aliyempasua alimwambia Daoud kwamba kama uchungu ungemkuta nyumbani, wangezikwa watatu. Mimi niliingia stoo, nikakaa juu ya katoni za jeli, nikalia mpaka Rabiata akaja kubisha mlango. Lakini hilo halihusiani na malalamiko yangu.

4. Daoud alikuja kushukuru, na kikapu cha mikate mkononi. Alimshukuru Rabiata mpaka machozi yakamtoka. Akaishika mashine kama unavyomshika bega ndugu aliyerudi safari. Mimi akanipa mkono. Binti wa kwanza ameitwa Rabiata, wa pili ameitwa kwa jina la bibi yake. Sisemi kwamba msichana angeweza kuitwa Soudjay. Nasema tu kwamba sikuulizwa.

5. Hili ni zito kuliko yote. Kitufe kimeharibu hata kazi yangu ya zamani. Tangu siku ile nimepitia madaftari yangu. Nimegundua kwamba kila mtoto ambaye sikumwona vizuri niliandika "mtulivu." Watulivu ni sabini na mmoja. Kati ya mama zao, tisa bado hawajajifungua. Imenibidi niwafuate mmoja mmoja majumbani, kwa miguu yangu, niwaambie warudi, na kila mlango niseme kwa nini. Wanne walinitukana. Mmoja alinipa chai, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa sababu hizo naomba: kitufe kizibwe kwa plasta. Ikishindikana, kicheleweshwe dakika kumi, ili nipate muda wa kukunja uso. Ikishindikana tena, basi siku za zamu yangu mashine itoe ukungu kidogo, wa adabu tu.

Nisalimie mama watoto, na mlinzi wetu Ibouroi, na wauguzi wote. Sista Rabiata naye msalimie, ingawa yeye anajua alichonitendea.

Ni mimi, niliyekuwa fundi wako,
Soudjay

Nyongeza: Binti yangu Oumi atafika Alhamisi ijayo kutoka Nosy Be. Ni mimba yake ya kwanza, miezi saba. Tafadhali mwandike kwa Sista Rabiata, asiandikwe kwangu, na huyo Sista abonyeze kile kitufe, abonyeze hata mara mbili kama mashine inaruhusu. Mtu yeyote asikizibe kabla ya hapo. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, pamoja na waume, nisubiri kuambiwa.