Kuhusu Suti ya Kahawia Isiyomo Kwenye Gurudumu la Rangi

Kwa Shemeji yangu mpendwa,
Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya binti yetu.

Pokea salamu nyingi, zilizokunjwa vizuri na kupigwa pasi. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua, na kwamba wote walio chini ya paa lako wameamka salama. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo. Naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Walimu wangu wa misheni walinifunza kwamba barua haiandikwi kwa hasira, nikangoja hasira ipoe, haikupoa. Isitoshe, nilikuwa natafuta wino unaopatana na karatasi, na hilo nalo ni kosa la gurudumu lako.

Utakumbuka kikao cha Jumapili sebuleni kwako. Ulifungua kompyuta, ukatuonyesha lile gurudumu la rangi la mtandaoni, ukaligusa kwenye buluu, ukatangaza kwamba harusi itakuwa ya buluu pamoja na rangi zile tu ambazo gurudumu litaziridhia. Nikainua mkono kwa adabu, nikauliza habari ya suti yangu ya kahawia, ambayo ndiyo nitakayoivaa nikimsindikiza binti yangu hadi madhabahuni. Ukalizungusha gurudumu lote mbele ya wakwe, ukasema, "Kahawia haimo, Shemeji. Ukiingia nayo utafanana na kabati linalotafuta chumba!" Mama wa bwana harusi alicheka mpaka akaomba maji. Mimi pia nilicheka, kwa heshima. Lakini suti ile aliichagua marehemu dada yako, akaniambia kwamba ndiyo nguo pekee inayonifanya nifanane na mtu anayejua anakokwenda. Sina nyingine, wala sitaki nyingine. Basi, kwa unyenyekevu, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Gurudumu lina njano, kijani, zambarau, na rangi moja iliyo kati ya waridi na homa, ambayo sidhani kama imewahi kubatizwa jina. Kahawia halina. Aliyelitengeneza hajapata kuona mkate, meza, wala udongo aliosimama juu yake.

2. Binti yangu alinifungulia gurudumu hilo kwenye simu ili nami nijifunze. Linasema kwamba rangi zinazokaa jirani hupatana daima. Ni dhahiri mwenye gurudumu hana jirani.

3. Linasema tena kwamba rangi tatu zikitengana kwa pembetatu, chumba hupata uhai. Nikavipanga viti vyangu vya sebuleni hivyo hivyo. Mzee wa kanisa alipokuja kunijulia hali, tulipigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na chai yake ikapoa njiani. Ameomba tuwe tunaonana kanisani tu.

4. Hili ndilo zito, nawe unisamehe. Jana nilisimama mbele ya kioo bila suti. Shemeji, mimi mwenyewe ni kahawia! Bwana harusi ni kahawia. Mchungaji ni kahawia iliyokolea, na wewe, kwa heshima zote, ni kahawia iliyopakwa mafuta. Milango ya kanisa ni kahawia, mabenchi ni kahawia. Kamati ikilifuata gurudumu, itabidi wageni wote wabaki nje, na ndani ifungwe ndoa takatifu kati ya riboni na puto.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: ama kahawia iongezwe kwenye gurudumu kabla ya Jumamosi, ama binti yangu asindikizwe na kitu ambacho gurudumu linakitambua. Napendekeza limau lililoiva. Mtalifunga tai. Lina adabu, halitalia mbele za watu, na nisingependa kuahidi hivyo kwa niaba yangu.

Nisalimie watoto, wajukuu, wajumbe wote wa kamati kwa vyeo vyao, na mama wa bwana harusi pia, nikitumaini kwamba yale maji yalimfaa.

Ni mimi, mtiifu kwako kwa huzuni ya kiasi,
Shemeji yako, baba wa bibi harusi.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuilamba, nikaifungua tena kwa mvuke wa birika. Binti yangu ameingia, ameisoma barua, amecheka hadi akakaa sakafuni. "Baba na wewe! Kwani huku hukuvuta?" Kumbe pembeni mwa gurudumu kuna kidude cha kupunguza mwanga. Akagusa rangi ya chungwa, akakivuta taratibu kuelekea gizani. Shemeji, chungwa likakolea, likatulia, likawa suti yangu! Na chungwa limekaa uso kwa uso na buluu, na gurudumu linasema kwamba wanaotazamana hivyo ndio wanaopendezana kuliko wote. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote. Gurudumu ni chombo cha haki, na naomba lifuatwe bila huruma, tukianza na gauni lako la kijivu ulilojishonea kwa harusi hii, maana kijivu nimekitafuta duara zima bila kukiona. Pole sana. Barua hii sitamtuma mtu. Nitaileta mwenyewe mchana huu, kwa miguu, nikiwa ndani ya suti, na nitapita upande wenye jua ili chungwa lionekane.