Kumi, Halafu Vinaanguka

Jumatatu, tarehe 4

Daftari, pokea salamu zetu. Mimi ninayekuandikia ni mzima, ila miguu. Baba watoto hajambo. Ni mlinzi wa usiku, mchana analala chumba cha pili, anakusalimu kwa mkoromo. Binti yangu Kiroboto hajambo, ana miaka sita, hajawahi kukaa chini. Mdogo wake Bonge hajambo, sasa hivi anatafuna kona yako. Wifi yangu, dada yake baba watoto, hajambo, na hapo siongezi neno.

Shida ni moja tu. Ijumaa Kiroboto anaulizwa maswali shuleni ili apokelewe darasa la kwanza. Lazima ahesabu. Akishindwa, angoje nyumbani mwaka mmoja. Mimi nikiwa la tatu niliambiwa ningoje nyumbani mwaka mmoja. Nangoja mpaka leo.

Lakini nina mpango! Yule mama ninayemfulia nguo anamfundisha mwanawe kwa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyoshikana. Mtoto ana miaka minne, anahesabu kama karani. Wifi anavyo, viko uvunguni tangu wanawe wakue. Nimekwenda. Kasema vile ni vya dukani hasa, si vya kutafunwa. Nikamwambia Bonge siku hizi hatafuni. Bonge alikuwa mgongoni, anatafuna kola yangu. Kanipa kumi, kanihesabia mkononi kimoja kimoja. Akiona matokeo ataniongezea, ndivyo alivyosema. Kama daktari!

Jumanne, tarehe 5

Kiroboto kajenga kitanda cha mende. Kuhesabu, hataki. Nimembembeleza, nimemtishia, nimejifanya naumwa. Wapi!

Saa nne nikapata akili. Akifika kumi, ruhusa kubomoa. Lo! Moja, mbili, mpaka kumi, pwaa! Tena. Pwaa! Hakosei hata moja. Mtoto ana kichwa huyu! Nimelia kidogo ndani ya povu la sabuni.

Baba watoto katoka na shuka kichwani. Kauliza hapa ni nyumbani au ni karakana. Usiku yeye anafukuza wezi, mchana nani atamfukuzia sisi? Nikamwambia hii ni elimu. Kasema basi elimu ina kelele, karudi kulala kwa hasira. Sijui mtu analalaje kwa hasira, lakini yeye anaweza.

Jumatano, tarehe 6

Mpango wa pili. Kuhesabu kwa kunong'ona! Nimetandika blanketi sakafuni, mnara juu yake. Kiroboto kaupenda kuliko ule wa jana. Ananong'ona mpaka kumi, anasukuma, pufu. Baba watoto kalala hadi saa kumi jioni. Hata Bonge ananong'ona, na hajui neno hata moja. Nimejiona mwalimu mkuu.

Jioni navihesabu. Tisa! Nimetafuta ndani ya mashuka ya watu, ndani ya ndoo, mdomoni mwa Bonge mara mbili. Hakuna. Wifi atanitangaza mtaa mzima.

Alhamisi, tarehe 7

Baba watoto karudi asubuhi anachechemea. Kavua buti, kakidondosha kitofali chekundu mezani. Usiku kucha alidhani ni mshipa. Kakisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja. Heri angesema.

Kabla ya kulala kamwomba Kiroboto amhesabie. Binti kanong'ona mpaka kumi, baba kacheka, kasema safi sana. Halafu akauliza, na baada ya kumi? Nikamwambia akalale, asinichanganyie mtoto.

Mchana wifi kaja kuomba chumvi. Chumvi gani, alikuja kukagua! Kaona alama za meno kwenye kitofali cha bluu. Nikasema ni panya. Kasema panya wangu ana meno mawili tu, ya mbele, na yuko mgongoni mwangu.

Ijumaa, tarehe 8

Mwalimu ni mama mmoja wa miwani. Mezani kapanga maboksi madogo ya chaki, moja juu ya jingine. Kamwambia Kiroboto ahesabu. Kiroboto kanong'ona. Mwalimu kamwomba apaze sauti. Mwanangu akaweka kidole mdomoni, akamwambia mwalimu shii, baba amelala.

Mwalimu kanitazama. Mimi nikatazama dari.

Mwalimu kainama, katega sikio. Saba, nane, tisa, kumi. Zote sawa! Nilikuwa nainuka nipige vigelegele. Kiroboto akasukuma.

Chaki kila mahali. Boksi la juu likaingia kwenye chai ya mwalimu. Na yeye, miwani ina matone, akauliza baada ya kumi inakuja ngapi. Kiroboto akamwonea huruma. Akamjibu kwamba hakuna, vimeshaanguka.

Tumeokota sote watatu. Mwalimu mabega yalikuwa yanatikisika, sijui ni kicheko, sijui ni kilio. Kasema hajamkataa. Nimrudishe Ijumaa ijayo, ahesabu mpaka ishirini, kwa sauti. Kasema vitofali si lazima. Hata vijiko, hata vifungo, hata vibanio vya nguo, kwani mama mfuaji si ana ndoo nzima? Nikasema ndiyo mwalimu. Asante mwalimu.

Njiani Kiroboto kauliza kama amefaulu. Nikamwambia bado kidogo. Kanishika kidole. Kasema mama usilie, siku nyingine nitabomoa taratibu.

Jumamosi, tarehe 9

Nimefikiri sana huku naanika mashuka. Vibanio! Nimevitumia ndoo nzima leo, sijaona elimu hata ya dawa. Mwalimu alitaka kunifariji tu.

Kosa nimelijua. Vitofali ni vyepesi! Mtoto akigusa tu vinaanguka, ataijuaje kumi na moja? Nimemrudishia wifi vyake. Nikamwambia tumevimaliza. Kavihesabu kimoja kimoja, cha bluu kakihesabu mara mbili.

Fundi mwashi anajenga ukuta hapo nyuma. Kakubali kuniazima matofali ya kweli, ya saruji, ishirini kamili. Hayo abomoe nani! Atayashusha chini ya dirisha la chumba cha pili, ndipo penye kivuli. Kiroboto atahesabu kwa sauti ya juu kabisa, kama mwalimu alivyotaka. Tutaanza saa tatu asubuhi, baba watoto akishalala vizuri.

Daftari, kama unaona kasoro mahali, niletee jibu upesi. Fundi anakuja na toroli Jumatatu.