Mkwe Mbele ya Kompyuta ya Tatu

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Mchezo wangu wa ng'ombe umekamilika! Au tuseme, karibu ukamilike. Wachungaji wawili, kompyuta mbili za mtumba zilizoungwa kwa waya, na ya tatu ya watazamaji. Ubaya mmoja: mchungaji akipigwa pembe akatolewa, picha ya watazamaji inabaki palepale alipoanguka. Nyasi tu. Ngeleja, mwalimu mwenzangu wa darasa la kompyuta, akasema watazamaji wangu wamekaa matanga. Nikacheka. Kisha nikatoka nje kidogo. Violeth, mke wangu, ana miezi minane kaburini. Kikombe chake cha kijani bado nakitoa kila asubuhi.

Jumanne, 7 Agosti
Mkwe amefika kutoka Lingeka! Mayu Nyanjige, mama yake Violeth. Amesikia nachunga ng'ombe ndani ya sanduku na zizini kwangu hamna hata ndama. Akamtuma Elina, binti yangu wa miaka saba, aniambie: kesho Nanenane atakuja kutazama. Ikiwa ni kazi, Elina anabaki nami Bariadi. Ikiwa ni upuuzi, anaondoka naye. Sikutoka kumjibu, mkwe hatazamwi usoni. Nimerekebisha kutwa nzima. Picha haibaki tena kwenye nyasi. Inamfuata mchungaji mmoja tu: mimi! Mafahali nao nimewazuia wasinipige. Ngeleja hajui.

Jumatano, 8 Agosti
Aibu. Mkwe aliketi nyuma ya pazia na majirani, mbele ya kompyuta ya tatu. Picha ikanifuata kwa nyuma, karibu mno. Muda si mrefu Elina akaja na ujumbe: bibi anauliza mkwe wake atamwonyesha makalio mpaka lini.

Nikaigeuza kamera ije mbele. Sikufikiri! Sura yangu ya mchezoni ikajaa kioo kizima, macho makubwa, hayapepesi, yamemkazia mama mkwe. Nikasikia yowe. Kiti kikaanguka. Akatoka kajifunika kanga kichwa kizima. Ngeleja akaipandisha kamera juu; wachungaji na ng'ombe wote wakaonekana. Ilimchukua dakika tano tu! Wakampigia makofi yeye.

Alhamisi, 9 Agosti
Elina ameondoka. Mkwe aliacha neno kwa jirani: kazi ameiona, tena ni kazi ngumu. Ambacho hakukiona ni heshima. Atanipima tena Krismasi. Nikiwa nayo, mtoto atarudi. Elina amesahau kiatu kimoja. Nimekifuta vumbi mara tatu.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimepata njia ya kumwomba radhi! Nimemtia mkwe mwenyewe ndani ya mchezo, na kanga yake, na fimbo. Ng'ombe wote wanamtii. Ngeleja ananisihi niiache kamera juu. Wivu! Huko juu mtu anaonekana kama siafu. Hapana, picha itamfuata mayu peke yake, kwa nyuma, karibu kabisa. Krismasi naalika ukoo mzima waje kumtazama.