Nilivyomfundisha Mama Mkwe Neno 'Run'

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Naandika haya nikiwa nimejifungia kwenye ukumbi wa kanisa hapa Obunga, Kisumu, chaki bado iko mkononi. Someni tu, msinipigie simu.

Mnajua kila Jumanne mchana huwa nafundisha Kiingereza kina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Shuleni bado mimi ni mwalimu wa kibarua, mwaka wa nne huu, kwa hiyo hapa ndipo mahali pekee ninapoheshimiwa. Na mnajua kwamba Jumamosi hii nilikuwa naenda Bondo kwa kina Adhiambo, mchumba wangu, kujulishwa kwa wazazi wake. Mara ya kwanza! Baada ya miaka mitatu ya kuambiwa ningoje.

Adhiambo alikuwa amenifunza kila kitu. Mama yake si mkali, ila kwa mambo ya heshima hana mchezo. Usimpe mkono. Usimkaribie. Usile akikuona. Nikakubali yote. (Mtu ambaye sijawahi hata kumwona, ningemkosea vipi?)

Somo la leo lilikuwa neno moja tu, 'run'. Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikawaambia neno hili dogo lina kazi nyingi kuliko mama wa watoto saba.

Mama Beryl, kiongozi wa darasa, akaingia amechelewa. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mtulivu, amejifunga leso ya bluu kichwani, amekumbatia boksi la vikombe.

"Mwalimu, huyu ni rafiki yangu wa kanisa. Amekuja tao kununua vyombo, anangoja jua ipungue. Wacha asikie Kizungu kidogo."

Nikasema karibu. Jina sikuuliza. (Mjinga mimi.)

Nikaanza. 'Run' ni kukimbia, nikakimbia hadi mlangoni na kurudi. Pua iki-'run' ni kamasi, nikavuta kamasi. 'Run a business' ni kuendesha biashara. Mafuta ya kukaangia yakikuishia, ume-'run out'. Anayegombea udiwani naye ana-'run'.

"Huyo naye anakimbia nini?" akauliza mmoja.

"Anatukimbia sisi!" akajibu Mama Beryl.

Darasa zima likacheka. Hata mgeni akacheka, amefunika mdomo. Sifa zikanipanda kichwani.

Ndipo nikafika 'running stomach'. Kuhara. Mwalimu mwenye akili angetaja maana akaendelea. Mimi nilishika tumbo, nikakunja uso, nikachuchumaa mbele ya ubao na kutoa sauti. Sauti, jamani! Ilitoka mdomoni, lakini ilikuwa ile ile mnayoijua.

Kina mama walicheka hadi machozi. Nikataka mmoja aje arudie, wote wakakwepa. Basi nikaenda moja kwa moja kwa mgeni.

"Njoo, mama. Usione haya, tumbo ni ya kila mtu."

"Aa, mwalimu, mimi ni mgeni tu."

Nikamwondolea boksi mapajani. Nikamshika mkono. Nikamvuta hadi mbele! Na yeye, kwa kuwa ni mtu anayeheshimu walimu, akashika tumbo, akainama kidogo na kusema kwa sauti ndogo, "I have a running stomach."

"Chini zaidi, mama!" (Ndiyo, nilisema hivyo. Mungu alisikia.)

Akachuchumaa. Makofi yakalia. Nikamwinua, mkono wake bado niko nao, nikauliza kwa madaha, "Very good! What is your name?"

"My name is Mama Adhiambo. I come from Bondo."

Nikajipa moyo. (Bondo kina Adhiambo ni wengi, ni jina la msichana aliyezaliwa jioni, na kila jioni anazaliwa mwingine.) Nikaanza kuuachilia ule mkono polepole, kidole kimoja kimoja. Mama Beryl hakunipa nafasi.

"Yawa! Si mwalimu wetu Ochieng' anaenda huko Jumamosi kuona wakwe! Msichana yake pia ni Adhiambo, ule wa duka ya dawa!"

Yule mama akautazama mkono wangu, kisha uso wangu.

"Wewe ndio Ochieng'?"

Nilitamani kuwa mtu mwingine yeyote wa Kisumu. Nikaitikia kwa kichwa.

Akauchomoa mkono. Akavuta leso hadi usoni, akageukia ukuta. "Nyasaye wangu," akamwita Mungu. "Na hii vikombe nimenunua ndio ukunywe chai."

Hapo nilitaka kulia, siwafichi. Hakuna aliyecheka tena. Mama Beryl, ambaye hucheka hata matangani, aliinamisha kichwa. Mgeni akatoka ubavu ubavu, akifuata ukuta ili tusionane, Mama Beryl nyuma yake na boksi. Wengine wakafuata mmoja mmoja bila kuniaga.

Baada ya nusu saa Adhiambo akapiga.

"Ochieng', umefanyia mama yangu nini?"

"Nilikuwa nafundisha."

"Amesema hawezi kaa mahali moja na wewe. Jumamosi isimame kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau."

"Na atasahau lini?"

"Bwana ya dada yangu aliita mama na jina yake mara moja tu. Mtoto wao sasa ako form three. Hiyo maneno bado inaletwa."

Nampenda huyu msichana, na nilikuwa nimebakiza siku nne tu. Nimemwambia pole. Ameniambia pole na yeye. Kisha akakata simu.

Tafadhali msicheke. Na kama ni lazima, chekeni leo mmalize, maana mimi nina miaka ya kungoja na sitaki kelele.