Vita vya Cirhuza na Diski ya Tera Kumi na Sita

Njooni mketi, enyi watu wa Bukavu na vilima vyake vyote! Ninyi mliowahi kununua chaja ikatoa moshi kabla ya kuwasha simu, ninyi mliobeba redio mpya hadi nyumbani kwa nyimbo na vigelegele mkaikuta imejazwa udongo, ninyi ndio ninaowaita. Zimeni jenereta, nyamazisheni mbuzi, kwa maana naleta habari za vita vilivyopiganwa katika soko la Nyawera siku ya Alhamisi, mchana kweupe, mbele ya wauza soksi na wapakiaji mizigo. Machozi siyaombi. Chekeni tu kwa adabu, kwani shujaa bado yu hai na nyumba yake inajulikana.

Jina lake Cirhuza, Mbeba-Kamera, Simba wa Kumbi za Harusi, Wa-Kwanza-Kufika-Mezani, ambaye kwa miaka tisa ameziandama ndoa za mji huu kwa jicho moja la kioo. Zamani alimiliki diski ya kale ya kuhifadhia picha, ya ile aina yenye sahani inayozunguka tumboni. Siku moja ikamponyoka akishuka kwenye pikipiki, ikaanguka kutoka kimo cha goti. Goti, jamani! Watoto huanguka kutoka kimo hicho mara kumi kwa siku na hula chakula cha jioni. Diski ile ikalia kama panzi, ikafa, na ndani yake ilikufa harusi nzima ya Lucien, mwalimu wa Kadutu. Wala haikuwepo mahali pengine, kwa kuwa shujaa wetu hakuwa amenakili picha kutoka kwenye kadi za kamera. Alizihamisha zote, zikatoka huku zikaingia kule, kama wafanyavyo mabingwa wote wa haraka katika kazi hiyo. Tangu hapo Lucien akimwona barabarani, hata mbele ya wanafunzi wake, humpigia kelele: "Cirhuza! Unirudishie harusi yangu!"

Basi wiki hiyo kulikuwa na kadi nne, zimejaa harusi ya Aurore hadi shingoni. Kompyuta ya shujaa ilikuwa imeshiba, haipokei hata wimbo. Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine, na kadi ni zile zile nne. Ilimpasa kupata diski ya kweli kabla ya Jumamosi, na akipoteza harusi ya pili, hakuna mtu kati ya ziwa na mtaa wa Panzi ambaye angemwita tena, hata kwa ubatizo.

Akashuka Nyawera na jeshi lake, kompyuta kwapani. Kuliani alikuwa mjomba wake, Tonton Patrice, mnunuzi wa dhahabu wa Luhwindja, Mzani-Usio-na-Betri, ambaye kwa miaka ishirini hupima mali kwa kiganja tu, na ambaye amerudi nyumbani na shaba iliyong'arishwa mara nne, ingawa yeye husema tatu. Kushotoni alikuwa Maman Eulalie, mama wa bibi harusi Aurore, amevaa kitenge kile kile cha siku ya harusi. Huyu alikuwa ameapa kutomwachia mpiga picha kadi zile hata kwa dakika moja. Alizifunga mwenyewe kwenye ncha ya kitenge, fundo juu ya fundo, akaziingiza kiunoni.

"Harusi iko hapa," akasema, akijipiga kiunoni. "Unaitaka, utaniomba."

Wakafika mbele ya meza ya Chrispin, Mfalme wa Vifaa, mtu mwenye sauti ya kuuza mvua wakati wa masika. Chrispin akainua diski nyeusi, nene kama sabuni ya kufulia, akahutubia taifa:

"Papa, Maman, mukaribie! Hii iko tera kumi na sita! Harusi zote za Bukavu zinaingia humu ndani, na talaka zake zote, na nafasi inabakia!"

Tonton Patrice akaipokea, akafumba macho, akaipandisha na kuishusha kiganjani. Umati ukasogea.

"Hm," akanena. "Iko nzito. Kitu ya kweli haiwezi kukosa uzito. Mukono hii haijadanganywa hata siku moja."

Kwenye meza ya jirani alikuwa Djamila, binti wa wafanyabiashara wa Uvira, mwanamke asiyepoteza maneno kwa mnunuzi. Akasukuma mbele kitu chembamba, chepesi, kisichozidi upana wa vidole vitatu. "SSD. Haina kitu kinazunguka ndani. Tera moja."

"Moja?" Tonton akakiweka kiganjani, akatikisa kichwa kwa huzuni kuu. "Mutoto ya dada yangu, hii iko biskuti. Unataka kuweka harusi ya watu mu biskuti?"

Nyawera nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wakinunua viazi. Chrispin, akiona ushindi umekaribia, akachomeka diski yake kwenye kompyuta ya shujaa, na kioo kikaandika wazi: tera kumi na sita. Makofi! Ah, kompyuta, mgeni mwenye adabu kupita kiasi! Ukiiambia wewe ni askofu, nayo itakuandika askofu.

"Ile ni jina tu," Djamila akasema, bila kuinua macho. "Ujaze, kisha ufungue, uangalie. Mi yangu unaweza kujaza hapa hapa. Yeye umuulize kama anakubali."

"Nakubali!" Chrispin akanguruma, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno asiweze kukataa.

Maman Eulalie akafungua fundo moja, kadi moja, kwa uso wa mtu anayetoa figo. Ikachomekwa. Hapo ndipo majaribu makuu yalipomjia shujaa.

"Hamisha!" akapaza Chrispin. "Ukinakili utalala hapa!"

"Hamisha tu, mwana," akaunga mkono Mzani-Usio-na-Betri. "Wakati iko mali."

Kidole cha Cirhuza kikasimama hewani. Jasho likamtoka, likapita nyusi, likafika kwenye ndevu zile tano alizo nazo. Akamwona Lucien katika moyo wake, amesimama njia panda na chaki mkononi. Kisha, enyi wasikilizaji, akafanya jambo ambalo Bukavu haikuwa imelitarajia kwake: akatumia akili. Akanakili.

Saa mbili nzima diski ile ilimeza kadi moja, ikikoroma na kupata joto kama mkate. Ilipomaliza, wakafungua. Kanisa likaonekana. Padri akaonekana. Aurore akaanza kuingia ukumbini, mguu wa kwanza, mguu wa pili, na giza likatanda. Hakuna keki, hakuna ngoma, hakuna wakwe.

"Watu yangu beko wapi?" akauliza Maman Eulalie, polepole.

"Courant ilitikisika, Maman," akasema Chrispin, akianza kukunja kitambaa cha meza.

"Courant? Umeme gani? Kompyuta iko na betri, weye muongo! Nirudishie keki ya mutoto wangu!"

Tonton Patrice, ambaye heshima yake ilikuwa inavuja mbele ya watu, akatoa kisu, akabandua gamba la ile tera kumi na sita. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kuhifadhia picha za simu, na kando yake nati ya chuma ya lori, imegandishwa kwa gundi. Mzee akaing'oa nati, akaipima kiganjani, akafumba macho.

"Uzito," akasema, "ilikuwa ya kweli."

Chrispin alikuwa ameshaondoka, na meza yake pia.

Na kadi ya harusi? Kadi ilikuwa salama, keki ndani, wakwe ndani, kwa sababu ya kidole kile kilichosita. Cirhuza akageukia biskuti. Ikala kadi ya kwanza kabla Maman Eulalie hajamaliza kumlaani Chrispin ukoo kwa ukoo, ikala ya pili, ya tatu, ya nne, haikupata joto wala kukoroma. Kisha mama akavuta kiti, akaangalia harusi yote kutoka kanisani hadi sahani za mwisho, akikimbiza hotuba za wakwe tu, huku wanunuzi wa Djamila wakisubiri nyuma yake.

"Angusha," akaamuru.

"Ukiangusha, umenunua," akasema Djamila.

Cirhuza akaipandisha hadi kimo cha goti, akafumba macho, akaiachia. Tap. Wakaichomeka: Aurore bado anakata keki.

"Na ya mimi iko wapi?" akauliza Maman Eulalie. "Unafikiri nitaacha harusi kwa mutu moja? Djamila, leta biskuti ya pili." Ikajazwa nayo, ikaangaliwa nayo, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, fundo juu ya fundo. Ndipo akamtazama shujaa machoni. "Sasa futa kadi zako, mwana. Uende Jumamosi."

Wapakiaji wakashusha mizigo. Tonton akavua kofia. Mbeba-Kamera akainua kidole gumba, kile kile kilichozika ndoa ya mwalimu, akabonyeza mara nne, na kadi nne zikawa tupu, na hakuna aliyelia.

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe, na wanaobisha wapelekwe Nyawera wakaulize: siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini, mtu wa Bukavu alinunua kitu, akakijaribu, na kikafanya kazi.