Wimbo wa Babu Yangu

Jumanne, 10 Mei 1966
Redio ya mji mkuu, Sofia, imetuma mtu kijijini kwetu! Bi Nevena, na kinasa sauti kizito kama nguruwe. Anatafuta nyimbo za kale ambazo hazijawahi kunaswa. Jirani yangu Milcho alipuliza zumari lake la mfuko wa ngozi mpaka macho yakamtoka. Akaambiwa nyimbo zake zote wanazo. Nilicheka hadi pombe ya raki ikanipalia. Nikaimba mimi. Zangu pia wanazo! Fedheha.

Jumatano, 11 Mei
Nimetunga wimbo wa kale. Zizini, asubuhi nzima. Binti wa mchungaji, theluji, mbwamwitu, mama analia. Nimechomeka maneno mawili yasiyo na maana, yanukie ukale. Mke wangu Rusa akauliza kama ng'ombe anazaa. Wivu tu!

Alhamisi, 12 Mei
Ushindi! Nimemwambia Bi Nevena nimeurithi kwa babu. Machozi yalimlenga. Eti yale maneno mawili ni Kibulgaria cha kale mno. Bibi Stoyna, aliyekuwa akisokota sufu mlangoni, akadakia kwamba wimbo huo anaujua tangu utotoni, ila mimi nimeuharibu.
"We Radko! Babu yako hata mluzi hakujua! Hebu sogea huko."
Akaimba. Wimbo wangu! Akaongeza beti nne! Tena, mkosi gani huu, aliimba vizuri. Hata mbwa walinyamaza.

Ijumaa, 13 Mei
Bi Nevena ameuandika kwa jina la Stoyna. Nikaona heri niseme ukweli: nimeutunga mwenyewe, juzi, zizini. Akanipigapiga begani.
"Mjomba Radko, wimbo kama huu hautungwi na mtu mmoja. Tena zizini?"
Kijiji kizima kikaangua kicheko. Milcho akaapa kwamba mama yake alimbembeleza kwa wimbo huohuo. Waongo wakubwa!

Jumapili, 22 Mei
Umetoka redioni. Sauti ya Stoyna. Mtangazaji akasema una miaka mia tatu. Watu walilia, Rusa akalia, nami nikalia. Nilipofumba macho nilimwona babu waziwazi, anakamua ng'ombe huku akiuimba. Kweli kabisa! Na hakuuimba hivyo. Stoyna amekosea ubeti wa pili. Kesho napanda basi niende Sofia. Lazima warekebishe. Siwezi kuvumilia watu wanaochezea urithi wa wazee wetu.